Akikataa Kumsamehe, Angekaa na Nani?

Hotuba kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa klabu ya filamu, Tanga

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliofika, shikamooni wakubwa zangu. Wale tulio rika moja, habari za mchana. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi. Najua wapo waliofunga meza zao sokoni ili wawe hapa.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie jambo mlilolileta ninyi wenyewe kikao kilichopita. Je, hizi filamu za sayansi ya kubuni zenye mapenzi ndani yake, za vyombo vya angani, za watu wanaosafiri kwenda jana na kesho, za watu wanaobadilishana miili, zinawafaa watoto wetu wa kidato cha kwanza na cha pili? Mama mmoja alisema siku ile, "Mwalimu, tupe umri tu. Tuambie miaka mingapi, sisi tutafuata." Ombi lake nimekaa nalo mwezi mzima. Umri nitautaja, mama yangu, sitakukimbia. Lakini naomba kwanza niwasimulie kilichonipata, kwa sababu mimi pia nilianza kwa kuuamini umri ulioandikwa na wengine.

Ni miaka mitatu sasa. Klabu ilikuwa na watoto ishirini na kitu, wengi wa kidato cha pili, miaka kumi na tatu na kumi na nne. Tulikuwa na projekta ya kuazima, shuka jeupe tulilolipigilia ukutani, na mikeka chini. Nikachagua filamu inayoitwa Passengers, ya mwaka 2016. Niliichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ina chombo cha angani kizuri mno, na nilitaka watoto wa fizikia wakione. Pili, kule Marekani filamu hii iliwekwa daraja la PG-13, ambalo huwaonya wazazi kwamba baadhi ya mambo huenda yasimfae aliye chini ya miaka kumi na tatu. Nikajisemea, wangu wote wameshavuka kumi na tatu. Nilikuwa nimeitazama mara moja, usiku, nikiwa nimechoka. Nikaona inatosha.

Kwa ambao hawajaiona: chombo kinaitwa Avalon. Kimebeba abiria 5,000 na wafanyakazi 258, wote wamelazwa usingizi ndani ya makasha ya kioo, kwa sababu safari ya kwenda sayari mpya inachukua miaka 120. Hakuna binadamu anayeishi miaka hiyo akiwa macho, ndiyo maana wanalazwa. Baada ya miaka 30 hivi chombo kinapita kwenye vimondo, mtambo unapata hitilafu, na kasha moja linafunguka. Anaamka fundi mmoja, Jim. Anatembea kwenye kumbi kubwa zilizo tupu, anaita, hakuna wa kumjibu. Imebaki miaka 90.

Hapo watoto walinifurahisha sana. Nilisimamisha filamu, wakakokotoa ubaoni. Kuna mahali Jim anatuma ujumbe duniani kuomba msaada, na mashine inamjibu kwamba utafika baada ya miaka 19, na jibu la mapema kabisa litakuja baada ya miaka 55. Kijana mmoja akasimama: "Mwalimu, mbona kwenda 19 na kurudi 36?" Mwingine akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Kwa sababu chombo hakijasimama kumsubiri, kinazidi kwenda." Wazazi wangu, mwalimu hulipwa kwa sekunde kama ile. Kwa hiyo mtu akiniambia filamu hizi haziwafai watoto kwa kuwa ni ngumu kueleweka, hapo tunaachana njia. Ugumu haumdhuru mtoto. Mtoto akishindwa kuelewa huuliza, au husinzia, au hutoka kwenda kununua ubuyu. Kinachonitia hofu mimi ni kile anachokielewa nusu.

Tuendelee. Jim anakaa peke yake zaidi ya mwaka. Wa kuongea naye ni roboti muuza baa aitwaye Arthur, mwenye sura ya mtu. Anaota ndevu, anakunywa, anafika mahali pa kutaka kujiua: anasimama kwenye mlango wa kutokea nje bila vazi la angani. Anarudi akilia. Halafu anamwona msichana aliyelala kwenye kasha, mwandishi, jina lake Aurora. Anatazama mahojiano yake, anasoma maandishi yake, anampenda. Anasoma kitabu cha maelekezo ya makasha. Anajua kabisa kwamba akimwamsha hawezi kulala tena, kwamba atazeeka na kufa ndani ya chombo kile bila kuiona sayari aliyoiendea. Anahangaika kwa muda mrefu. Kisha anamwamsha. Na anamwambia kwamba kasha lake nalo lilikufa lenyewe.

Wanatembea, wanacheza dansi, wanavaa vizuri wanakwenda kula, wanatoka nje kuelea kati ya nyota. Wanapendana, na wanalala pamoja. Siku ya kuzaliwa kwake Aurora, wakiwa baa, Jim akiwa tayari ameshatengeneza pete, roboti yule kwa unyofu wake wa mashine anamwambia msichana ukweli wote.

Kwenye mkeka wa mbele alikaa binti mmoja, jina lake sitalitaja. Alikuwa na kikaratasi cha karanga mkononi. Arthur aliposema maneno yale, mkono wake ulisimama katikati, kati ya kikaratasi na mdomo, na haukushuka. Nyuma yake wavulana wawili walikuwa wanacheka. Binti akasema, si kwa sauti kubwa, "Amemuua huyu." Na ninyi mlioiona mtakumbuka kwamba Aurora mwenyewe baadaye analitumia neno la mauaji.

Filamu ikaendelea mpaka mwisho. Chombo kinaharibika, inabidi watu wawili washirikiane kukiokoa, Jim anajitoa mhanga, Aurora anamrudisha kwenye uhai. Baadaye Jim anamwonyesha kwamba ile mashine ya matibabu inaweza kumlaza tena mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa yeye. Aurora anakataa. Anabaki naye. Watoto wakapiga makofi.

Yule binti hakupiga. Tulipokuwa tunakunja mikeka akanisogelea akaniuliza, "Mwalimu, akikataa kumsamehe, angekaa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutazungumza Jumatatu. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, na swali lile limeniingia kuliko maswali mengi niliyoulizwa na wakaguzi.

Liangalieni vizuri swali lake. Chombo kizima kina watu zaidi ya elfu tano, na wote wamelala. Aliye macho ni mmoja tu, naye ndiye aliyemkosea. Anapatikana ofisa mmoja aliyeamka kwa hitilafu nyingine, mgonjwa, anakufa muda si mrefu. Basi msamaha wa Aurora ni msamaha wa mtu asiye na pa kwenda. Halafu hadithi yenyewe inamtetea Jim: kama asingemwamsha, pasingekuwa na watu wawili wa kukitengeneza chombo, na abiria wote wangekufa. Kosa linageuzwa kuwa wokovu. Mtu mzima anaweza kuligundua hilo na kulipinga. Mtoto wa miaka kumi na tatu anasikia muziki umepanda, anaona sura mbili nzuri zimekaribiana, anajua mambo yameisha salama.

Sasa nirudi kwenye ule umri wa jaladani. Sababu zilizotolewa Marekani za kuipa filamu hii PG-13 ni chache, zinaingia kwenye mstari mmoja: mambo ya kimapenzi ya kimwili, uchi, na matukio ya hatari. Basi. Lile jaribio la kujiua halimo kwenye mstari huo. Na kwamba mwanamume amemchukulia msichana maisha yake yote bila kumuuliza, hilo halina hata kisanduku cha kuliwekea alama.

Siwalaumu. Mfumo wao ulianza mwaka 1968, na daraja la PG-13 likaongezwa mwaka 1984, wazazi walipolalamika kwamba filamu zilizopewa PG ya kawaida, yaani mtoto atazame kwa mwongozo wa mzazi, zinawatisha watoto. Wanaokaa kupima ni wazazi, watu wenye watoto wao nyumbani, na wanapima kwa macho ya wazazi wa kwao. Uingereza wana 12A tangu mwaka 2002, ambapo hata aliye chini ya miaka kumi na miwili anaingia sinema akiongozana na mkubwa. Jirani zetu Kenya hawana kumi na tatu kabisa. Bodi yao ina GE ya watu wote, PG, kisha 16 na 18. Sisi tuna Bodi ya Filamu na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Mnaona wenyewe kwamba kila nchi imechora mstari wake mahali pake. Tena filamu inayomfikia mwanao kwenye fleshi, iliyowekwa na kijana wa duka la kona kwa shilingi mia tano, haikupita kwenye bodi yoyote kati ya hizo. Imepita kwenye kidole cha yule kijana.

Baada ya siku ile nilianza desturi ambayo sijaiacha. Filamu yoyote ninayotaka kuwaonyesha watoto, naitazama mara mbili. Mara ya kwanza kama kawaida. Mara ya pili nazima sauti kabisa.

Kwa nini nizime sauti? Kwa sababu watoto wetu wengi hawaifuati Kiingereza cha waigizaji. Cha mwalimu darasani wanakipata, kile cha kwenye filamu kinakimbia, kinamezwa, kina lafudhi. Tusijidanganye, hata sisi wakubwa tunapitwa. Kwa hiyo mtoto anaipokea filamu kwa macho na kwa muziki. Nilipoitazama Passengers bila sauti, nilishtuka. Nikaona kijana mpole, mpweke, mwenye ndevu. Nikaona msichana mrembo amelala kwenye kioo, na sisi tumezoea tangu hadithi za utotoni kwamba msichana aliyelala kwenye kioo anasubiri kuamshwa. Nikaona anamwamsha, wanacheka, wanacheza dansi, wanabusiana. Halafu wako baa, roboti anafungua mdomo, anafunga mdomo, na msichana anabadilika. Anakimbia, analia, siku nyingine anamvamia yule kijana usiku kitandani na kumpiga. Kisha kijana anapigana na moto kuokoa watu wote, na msichana anarudi kwake.

Mmeelewa tatizo langu? Dhambi nzima ya filamu ile imewekwa kwenye maneno. Mabusu yamewekwa kwenye picha. Asiyejua Kiingereza anayapata mabusu yote na dhambi inampita. Anachobaki nacho ni msichana mwenye hasira zisizo na sababu, na kijana mvumilivu aliyemngoja hasira zishuke.

Wavulana wale wawili waliokuwa wakicheka, nilikuja kujua kwamba walishaiona kwenye kibanda umiza, ikiwa imetafsiriwa. Mimi ni shabiki wa watafsiri wetu, niseme wazi. Wamewafungulia watu wengi mlango ambao shule haikuufungua. Lakini mtafsiri ana jambo moja kubwa: yeye ndiye anayekuambia nani mwamba na nani mbaya. Vijana wale walinisimulia walivyosikia. Jim aliitwa mwamba tangu dakika ya kwanza. Msichana alipolia pale baa, sauti ya mtafsiri iliwaambia kwamba huyu dada ana maringo, kijana kamhangaikia yeye analeta nyodo. Watu kibandani walicheka, nao wakajua hapo ni mahali pa kucheka. Walipofika kwangu wakacheka palepale. Ubaya haukuwa wao. Hukumu walikuwa wamepewa tayari, na picha ilikuwa inaikubali.

Kuna mzazi atasema, mwalimu, hizi ni ndoto za angani, mtoto atachukua nini humo? Naomba nimjibu kwa heshima. Filamu ile ilitoka Desemba 2016. Julai ya mwaka huohuo, Mahakama Kuu yetu ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vilivyoruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, na wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana kwa kawaida anasubiri miaka 18. Mahakama ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mabinti waliokaa kwenye mikeka yangu siku ile walikuwa na umri uleule uliokuwa ukibishaniwa. Kwao, kumwamsha mtu katikati ya safari yake bila kumuuliza si habari ya sayari nyingine. Wanamfahamu mwenzao aliyeamshwa hivyo. Wengine wanamfahamu dada wa nyumbani. Alitakiwa afike kidato cha nne, hakufika, na baadaye watu wakasema mbona ameshazoea, mbona ana watoto wazuri, mbona wanapendana.

Ndiyo maana swali la binti yule halikuniacha.

Kwa hiyo siku hizi sianzi kwa kuhesabu mabusu. Sisemi tuyapuuze. Mzazi asiyetaka mwanaye aone watu wamevua nguo ana haki yake yote, na mimi humwambia mapema yapo dakika ya ngapi. Lakini ninaanza na jambo jingine: katika mapenzi haya, nani anaweza kusema hapana, na akisema, hadithi inamfanyaje? Sayansi ya kubuni ina nguvu ya ajabu kwenye jambo hilo, maana inaweza kumwondolea mtu uwezo wa kukataa kwa njia ambazo maisha ya kawaida hayana. Inaweza kumlaza. Inaweza kumfutia kumbukumbu. Inaweza kumleta mtu kutoka kesho, anayekujua mwili na siri, nawe humjui.

Nichukue mfano wa hilo la mwisho. Ipo filamu ya mwaka 2009, The Time Traveler's Wife, nayo ni PG-13. Mwanamume ana maradhi yanayomrusha kwenye wakati bila kupenda kwake, na nguo haziendi naye. Anamtokea mke wake wa baadaye mbugani wakati mke huyo ni mtoto wa miaka sita, akiwa amejificha kichakani bila nguo, anaomba blanketi. Anaendelea kumtokea mpaka binti anakua, na binti anakua akijua kwamba huyu ndiye mumewe. Waandaaji hawakukusudia ubaya, na mtu mzima anaweza kuitazama akalia. Lakini kila siku tunawafundisha watoto kwamba mtu mzima akikuambia tuna siri yetu mimi na wewe, kimbia ukamwambie mama. Filamu hiyo mimi siionyeshi klabuni kwa darasa lolote.

Sasa niwape na upande wa pili, msije mkaondoka mkidhani nazichukia filamu hizi. Ninayoipenda kuliko zote ni ya Kijapani, ya kuchorwa, ya Makoto Shinkai. Inaitwa Kimi no Na wa, watu wengi huijua kama Your Name, ya mwaka 2016 vilevile. Binti wa kijijini, Mitsuha, na mvulana wa Tokyo, Taki, wanaanza kuamka kila mmoja kwenye mwili wa mwenzake. Hakuna aliyechagua. Na kwa ugumu, hii inaishinda Passengers mara kumi. Unafika katikati ndipo unagundua kwamba wawili hawa hawaishi mwaka mmoja. Wametengana miaka mitatu, na kipande cha nyotamkia kilishaanguka kwenye kijiji cha binti na kukifuta. Mvulana amekuwa akiishi kwenye mwili wa mtu aliyekwisha kufa. Watu wazima wanapotea hapo. Mimi mwenyewe niliirudia.

Tena ina jambo litakalowafanya baadhi yenu mkohoe. Kila mvulana yule anapoamka kwenye mwili wa binti, kitu cha kwanza anajishika kifua, na mdogo wake binti anamkuta akifanya hivyo. Inarudiwa kama mzaha. Mzazi mmoja aliona sehemu hiyo akanipigia simu, na nilimwelewa.

Lakini angalieni wanachofanya wawili hawa wakishagundua kinachowatokea. Wanaandikiana. Kila mmoja anaacha maelezo kwenye simu: leo nimefanya hiki, nimeongea na fulani. Kisha wanawekeana masharti. Usiguse hiki, usiende kuoga, usitumie pesa zangu hovyo. Wanagombana kwa maandishi. Mtu mmoja yuko kabisa ndani ya mwili wa mwingine, hakuna aliye karibu zaidi ya hapo, na hadithi inachukua muda kutuonyesha kwamba hata humo ndani mwenye mwili ana neno lake. Hata lile la kifua, binti analikasirikia na kulisema. Mtoto anaweza kuliona hilo bila kujua Kijapani wala Kiingereza: anaona vidole vikiandika, anaona uso ukikasirika, anaona alama zimechorwa usoni na mkononi kwa kalamu.

Na kuna bibi. Bibi yao anakaa na wajukuu wanasuka nyuzi, na siku nyingine, wakipanda mlima, anawaeleza kwamba nyuzi zinavyopishana, zikajikunja, zikakatika na kuunganishwa tena, ndivyo na wakati ulivyo. Niliposimamisha pale, mtoto mmoja anayetoka Pangani alisema, "Kama bibi anavyosuka ukili." Wenzake wote wakaelewa miaka mitatu ile inavyopishana. Mimi nilikuwa nimeandaa mchoro wa ubaoni wenye mishale, sikuuhitaji.

Kwa hiyo, mama uliyeomba umri, huu hapa, na ni wangu, wa klabu hii, si wa bodi yoyote. Hiyo ya Kijapani nawaonyesha kidato cha kwanza, tukiwa pamoja, nikisimamisha mara mbili. Passengers siionyeshi chini ya kidato cha tatu, na hata hapo naionyesha siku mbili. Siku ya kwanza nakatisha pale baa, roboti akishasema, na nawaeleza kwa Kiswahili fasaha alichosema ili asibaki hata mmoja aliyepitwa. Tunakwenda nyumbani. Siku ya pili, kabla sijawasha projekta, nawauliza walichokuwa wanategemea Aurora afanye. Halafu lile jaribio la kujiua nawaambia mapema, na kama najua mtoto ana msiba wa aina hiyo nyumbani, namwita pembeni, au nawaita ninyi. Naomba mniambie mambo hayo. Mwalimu hawezi kuyaona usoni.

Najua umri huo mnauona umepinduka. Ile yenye mzaha wa kifua iko chini, ile yenye nyota na mashujaa iko juu. Nimelipima mara nyingi, na kila mara linarudi hapohapo.

Namwona bibi pale mlangoni amenyoosha mkono. Karibu bibi, sema. Haya, naomba nilirudie swali ili wa nyuma wasikie. Bibi anasema: mimi sijui Kiingereza, hicho Kijapani ndiyo kabisa, macho yenyewe ni haya, na ninalea wajukuu wanne, usiku wanatazama kwenye simu. Nitajuaje kama kinawafaa?

Bibi yangu, wewe unaweza kuliko sisi wenye projekta. Asubuhi, wakati mnachambua mchele, mwambie mmoja wao akusimulie alichokiona. Yote, tangu mwanzo, kama wewe ulivyokuwa ukiwasimulia wao. Usimkatize. Akisema huyu kaka akampenda huyu dada, muulize tu, dada naye alisemaje? Ukiona anasimama, anafikiri, anakujibu, muache aendelee. Ukiona pale anaruka haraka, au anakuambia "aa, dada alikuwa amelala tu, hakusema kitu," hapo mwambie usiku akuletee hiyo simu, muitazame pamoja, na akutafsirie yeye.

Jumamosi ijayo tunaanza saa nane kamili. Ni hiyo ya nyotamkia. Mzazi asiyetaka mwanaye awepo aniambie leo kabla ya kuondoka, na mtoto huyo atakuwa maktaba na mwalimu mwenzangu, wala hataulizwa. Mzazi anayetaka kuja, mikeka ipo ya kutosha, na bibi tutamwekea kiti.